Kiti Pembeni mwa Bustani: Kuku, Maua na Uzee katika Insha za E. B. White

Utangulizi

Mwalimu wa fasihi huyazoea maswali ya wanafunzi wake hata akawa anayajibu kabla hayajamalizika. Muhula uliopita niliulizwa swali ambalo sikuwa na jibu lake. Katika somo letu la insha tulikuwa tumesoma maandishi ya Mmarekani E. B. White, ambamo anamweleza mke wake, mwanamke mzee na mgonjwa, akiwa ameketi nje kwenye upepo wa baridi akisimamia upandaji wa maua. Tulisoma kwa Kiingereza tukajadili kwa Kiswahili, kama ilivyo desturi ya somo hilo. Nilipofika mahali pa kuuliza dhamira, mwanafunzi mmoja wa mwaka wa pili, msichana mkimya ambaye huketi karibu na dirisha, alinyoosha mkono akasema: "Mwalimu, dhamira siioni. Mimi nataka kujua kwa nini mumewe hakumrudisha ndani."

Darasa zima liliangua kicheko. Mimi nilijifanya natafuta ukurasa. Swali lile lilinigusa mahali ambapo mwanafunzi yule hakuweza kupajua, nami nitapaeleza hapa chini. Kwa sasa itoshe kusema kwamba makala haya ni jaribio la kumjibu. Katika kutafuta jibu nimezisoma upya insha tatu za White: moja ya kuku, moja ya bata, na moja ya maua. Kwa maoni yangu zote tatu zinauliza jambo moja: mtu afanye nini na kazi yake ya kila siku pale dunia, au mwili wake mwenyewe, unapomwambia kwamba kazi hiyo haina tena maana?

Waandishi na shamba lao

Elwyn Brooks White alizaliwa mwaka 1899 katika jimbo la New York, akafariki mwaka 1985. Wasomaji wengi wa Afrika Mashariki wanamjua kwa kitabu chake cha watoto, Charlotte's Web (1952), hadithi ya buibui anayemwokoa nguruwe asichinjwe. Wanafunzi wa lugha wanamjua pia kwa The Elements of Style, kitabu kidogo cha mwalimu wake William Strunk ambacho yeye alikirekebisha na kukiongezea mwaka 1959. Hata hivyo, nchini mwake aliheshimiwa kwanza kama mwandishi wa insha.

Mkewe, Katharine, alizaliwa mwaka 1892, hivyo alimzidi mumewe umri kwa karibu miaka saba. Alijiunga na jarida la The New Yorker mwaka 1925, mwaka ule ule lilipoanzishwa, na kwa miongo kadhaa alikuwa mhariri wake wa hadithi. Walioana mwaka 1929. Mwaka 1933 walinunua shamba huko North Brooklin, kwenye pwani ya jimbo la Maine, kaskazini mashariki mwa Marekani. Huko mume alifuga kuku, kondoo, nguruwe na mabata, na mke akawa na bustani ya maua. Mwaka 1957 walihamia shambani moja kwa moja.

Mwaka uliofuata Katharine alianza kuandika katika jarida lake mfululizo wa makala kuhusu bustani. Jambo litakalotuvutia sisi wa idara hii ni kwamba makala yale yalianza kama uhakiki. Alichukua orodha za mbegu ambazo makampuni huwapelekea wakulima kwa posta, akazihakiki kama vile mtu anavyohakiki riwaya: huyu ana mtindo mzuri, yule anatia chumvi, mwingine anapenda mno maua makubwa yasiyo na umbo. Kwake, mtu aliyeandika maelezo ya mbegu alikuwa mwandishi kamili, na alistahili kusifiwa au kukosolewa kama waandishi wengine. Nawaomba wanafunzi wetu walikumbuke hilo kila wanapodhani kwamba uhakiki ni kwa ajili ya vitabu vya mtihani tu.

Aliandika makala 14 kati ya mwaka 1958 na 1970. Katika miaka hiyo hiyo afya yake ilikuwa ikiporomoka. Mwaka 1961 alipata tatizo la mshipa mkubwa wa damu shingoni. Baadaye akapatwa na maradhi ya ngozi ya nadra, yenye maumivu makali, na dawa alizotumia kuyatuliza zilidhoofisha mifupa yake. Alikusudia kuandika makala moja zaidi, kuhusu bustani za utoto wake, lakini hakuiandika. Alifariki Julai 1977, akiwa na umri wa miaka 84. Mwaka 1979 mumewe aliyakusanya makala yake katika kitabu kiitwacho Onward and Upward in the Garden, akakiandikia utangulizi. Utangulizi huo ndio insha tuliyoisoma darasani.

Yai wakati wa vita

Tuanze na kuku. Katika insha yake iitwayo "Spring", yaani majira ya kuchipua, aliyoiandika mwaka 1941, White anaeleza jinsi alivyonunua vifaranga zaidi ya 200 na kuwalea katika banda lenye jiko la makaa ya mawe. Kila mfugaji wa hapa kwetu analijua jambo hili. Sisi huweka chungu cha mkaa katikati ya banda, tukaamka usiku kutazama kama moto umezimika au kama vifaranga wamerundikana pembeni kwa baridi. Wakikumbatiana karibu na moto, wanasikia baridi. Wakiukimbia, joto limezidi. Mfugaji hana haja ya kipimajoto. Macho yake yanatosha.

Lakini ilikuwa mwaka 1941. Ulaya ilikuwa ikiungua. Majeshi ya Hitler yalikuwa yameziteka nchi nyingi, na Marekani ilikuwa bado haijaingia vitani. White anajua kwamba msomaji atamuuliza: wewe unaandika habari za vifaranga wakati watu wanakufa? Hakwepi swali hilo. Anakiri kwamba jambo lake ni dogo, kisha anashikilia kwamba yai, na joto linalolifanya liwe kiumbe, ni vitu vya kuaminiwa hata katika majira kama yale.

Nimeitaja insha hii kwanza kwa sababu mwandishi alikuwa bado kijana wa miaka 41, mwenye nguvu. Kifo kilikuwa mbali, upande wa pili wa bahari. Msimamo wake haukumgharimu sana. Ni rahisi kulitetea yai wakati mwenyewe hujaguswa. Thamani ya msimamo huo itapimwa miaka 30 baadaye, wakati adui hatakuwa tena jeshi la mtu mwingine.

Bata bukini mzee

Insha ya pili ni "The Geese", ya Julai 1971, mwezi ambao White alitimiza miaka 72. Ndege wake hapa ni bata bukini. Naomba nisimame kidogo kwenye jina hilo. Bukini ni jina la zamani la Kiswahili la kisiwa cha Madagaska, kwa hiyo lugha yetu inamwita ndege huyu bata wa Madagaska, kama inavyomwita ndege mwingine bata mzinga. Mwanafunzi mmoja alitafsiri kichwa cha insha kuwa "Mabata", na insha nzima ikaharibika. Bata wa kawaida ni ndege mpole wa matope. Bata bukini ni mrefu, mkali, hulinda nyumba kama mbwa, na dume lake haliruhusu mgeni karibu na jike lake. Bila ukali huo msiba wa insha hauelezeki.

Kisa chenyewe ni hiki. White alikuwa na jozi ya bata bukini wazee. Jike likafa. Dume likabaki peke yake, likionekana kupotewa. Mwandishi akamletea makinda ya kulea, na mzee yule akayalea kwa bidii kana kwamba ni yake. Makinda yakakua. Dume mmoja kati yao akapevuka, na asubuhi moja ya Jumapili, mwishoni mwa Juni, akampiga mlezi wake mpaka akamshinda. Mzee akatoka uwanjani polepole, akaenda kulala peke yake kwenye jua kali, mbali na wenziwe.

White haingilii kati. Anatazama tu. Halafu anakiri kwamba anamtazama yule ndege huku akijihesabia miaka yake mwenyewe. Insha inamalizika kwa huzuni nzito ya siku ya kiangazi, siku ambayo kwa watu wa Maine ndiyo siku bora ya mwaka.

Wanafunzi wetu waliipenda insha hii kuliko zote, na ni rahisi kuona sababu. Kwanza, ina kisa. Pili, inaeleweka kwa kila aliyewahi kuona pora akimgeukia jogoo aliyelitawala banda. Tatu, ina ishara iliyo wazi: ndege mzee ni mtu mzee. Mtahini akiuliza matumizi ya ishara, jibu liko tayari.

Mimi, hata hivyo, naiona kuwa pungufu kidogo ikilinganishwa na ile ya tatu, na sababu yangu ni hiyo hiyo ya ishara. Mwandishi anapomgeuza ndege kuwa kioo cha kujitazamia, ndege anaanza kupotea. Bata bukini hajui kwamba ni mzee. Anajua kwamba amepigwa na kwamba jua ni kali. Huzuni ya miaka 72 ni ya White, amembebesha ndege. Anafanya hivyo kwa ustadi mkubwa, naye mwenyewe anakiri, lakini ni mzigo wa kubebeshwa. Aidha, uzee katika insha hii ni kushindwa tu: mwenye nguvu mpya amefika, mwenye nguvu za zamani ameondoka. Kama uzee ungekuwa hivyo tu, mwanadamu angekuwa na maneno machache sana ya kusema juu yake.

Kiti cha turubai

Sasa tufike kwenye utangulizi wa mwaka 1979. Kwa msomaji aliyezaliwa karibu na ikweta, lazima kwanza tueleze majira ya huko. Sisi tukipanda maharage, wiki moja haipiti kabla hatujaona kichwa chake. Maine ni tofauti. Kuna maua, kama vile tulipu, ambayo hayapandwi kwa mbegu bali kwa kiini kilicho mviringo kama kitunguu. Viini hivyo hufukiwa ardhini mwezi Oktoba, kabla ardhi haijaganda. Kisha theluji hufunika kila kitu. Maua huchomoza Aprili au Mei. Anayepanda Oktoba anasubiri nusu mwaka, na katika miezi hiyo yote hakuna dalili yoyote juu ya ardhi kwamba amepanda kitu.

Kila mwaka Katharine alikuwa na siku yake ya kupanda. Alichora ramani ya mahali pa kila ua, akaagiza viini mapema, na siku ilipofika alitoka nje na karatasi yake. White anaeleza mavazi yake bila kumremba: koti la mvua lisilomkaa vizuri, kofia ndogo ya sufu, viatu vya mpira. Aliketi kwenye kiti cha kukunja cha turubai kilichowekwa pembeni mwa bustani, na msaidizi wao wa shambani akachimba na kufukia kwa maelekezo yake. Alikaa hapo kwa saa nyingi, katika upepo, mwaka baada ya mwaka, huku mwili ukizidi kudhoofika. Alijua vizuri kabisa kwamba Oktoba zake zilikuwa zinakaribia kwisha. White anamalizia kwa taswira iliyotoka katika lugha ya dini, taswira ya kufufuka, lakini haielezi wala haihubiri. Anaiweka pale, anafunga.

Tuangalie anachokifanya kama mwandishi. Maradhi anayataja kwa ufupi tu. Hatuambiwi mengi kuhusu hospitali, wala hatuambiwi kilio cha mume. Tunaambiwa kofia, koti, karatasi, kiti. Hapa hakuna ishara kama ya bata bukini. Kiti ni kiti. Yule anayetazamwa si kioo cha mwandishi, ni mtu mwingine, na mwandishi amesimama kando ili sisi tumwone. White ambaye mwaka 1971 alijitazama ndani ya ndege wake, mwaka 1979 amejiondoa kabisa mbele ya macho yetu. Kwa maoni yangu huo ndio ukomavu wake mkubwa, na ndiyo sababu naiweka insha hii juu ya zile mbili.

Na uzee hapa si kushindwa. Wala, na hili ni muhimu, si ushindi. Bustani haikumponya Katharine. Aliendelea kuugua, akafa. Siku hizi tunasikia sana kwamba kulima bustani na kufuga kuku ni dawa ya wazee na wagonjwa. Yawezekana kweli inawasaidia wengi, lakini insha hii haisemi hivyo. Inasema jambo gumu zaidi: kwamba kazi inaweza kuendelea kuwa na maana hata pale isipomponya anayeifanya, na hata pale ambapo matunda yake yataonwa na watu wengine.

Kwa nini hakumrudisha ndani

Nilisema swali la mwanafunzi yule lilinigusa. Mama yangu mzazi aliishi na kisukari kwa miaka 12, na mwishoni figo zikaanza kushindwa. Kijijini alikuwa na bustani ya nakati na mchicha nyuma ya jikoni, na kuku wa kienyeji 19. Aliwajua mmoja mmoja: huyu ni koo mwenye kuatamia vizuri, yule ni tembe aliyeanza kutaga juzi, yule jogoo ni mchokozi. Tulipoitana sisi watoto kwenye kikao cha familia, tuliamua kwa nia njema kabisa kwamba apumzike. Kazi ya kuku inamchosha, tulisema. Anaamka alfajiri kuwafungulia, jioni anainama kuwahesabu. Tukamwambia. Akanitazama mimi, maana ndiye mkubwa, akauliza swali moja tu: "Mwanangu, na jioni nitakuwa nafunga nini?"

Nilidhani ni mzaha. Tukauza kuku 17, wawili tukawala Krismasi. Bustani tukamwachia jirani. Mama akapumzika, kama tulivyotaka. Dada yangu aliyekuwa akikaa naye alituambia kwamba kila jua lilipozama alichukua fimbo yake, akatembea mpaka kwenye banda tupu, akasukuma mlango kuhakikisha umefungwa, akarudi. Aliishi miezi minane baada ya hapo.

Sisemi kwamba kuku wangemrefushia maisha. Figo hazijui habari za kuku. Wala simwambii mtu yeyote apuuze maneno ya daktari wake. Wapo wagonjwa ambao vumbi la banda au kinyesi cha kuku kinaweza kuwadhuru kweli, na wapo wanaotaka kupumzika wenyewe. Nasema tu kwamba sisi hatukumuuliza. Tulitazama uchovu wake tukauona. Hatukuiona kazi yake.

Kwa hiyo, binti yangu wa karibu na dirisha, jibu langu ni hili. Ndani ya nyumba Katharine alikuwa mgonjwa. Pale kwenye kiti alikuwa msimamizi wa kazi, mwenye ramani mkononi, na mtu mzima aliyesubiri amri yake. Mumewe alijua tofauti hiyo. Baridi ilikuwa halisi, na ninaamini ilimuuma kumwona pale. Lakini aliona kwamba kumrudisha ndani kungekuwa ni kujipa raha yeye mwenyewe. Hili halijaandikwa popote katika insha. Linaonekana katika kitu kimoja tu: kiti. Mtu asiyeweza kusimama haketi nje kwa saa nyingi mpaka awepo wa kumtolea kiti. Kaya iliyomtolea Katharine kiti ilifanya jambo ambalo kaya yetu, yenye watoto sita waliosoma, haikulifikiria.

Udhaifu

Uhakiki usiotaja kasoro ni salamu tu. Ninazo kasoro mbili za kutaja.

Ya kwanza ni mikono. Ni nani aliyechimba? Msaidizi wa shambani yupo katika tukio lile, anatajwa, lakini hatusikii neno lake. Viini vilifukiwa kwa mgongo wake na magoti yake. Mgonjwa mwenye uwezo wa kumwajiri mtu anaweza kuendelea kuwa mkulima akiwa ameketi. Mgonjwa asiye na uwezo huo akiketi, bustani nayo inaketi. Msomaji wa kwetu hawezi kulipita jambo hili kimyakimya, na darasani halikupita: mwanafunzi mmoja alisema angependa kuisoma insha ile ile ikiandikwa na msaidizi yule. Nami ningependa kuisoma.

Ya pili ni mahitaji. White alikuwa na mapato ya maandishi yake. Kuku wakifa kwa mdondo, angehuzunika, lakini angekula. Kwa wazee wengi wa vijijini kwetu kuku ni nauli ya kwenda kliniki, ni sabuni, ni daftari la mjukuu. Mama yangu alimlipa mwenye bodaboda kwa jogoo mara zaidi ya moja. Kwa hiyo "kuendelea na kazi" kwa White ni uchaguzi, na kwa wengi wetu ni lazima. Hata hivyo, sidhani kwamba kasoro hii inaiangusha insha. Mama yangu, baada ya kuwauza, alipata fedha yote tuliyomtumia, na bado alikwenda kusukuma mlango wa banda tupu. Hitaji la fedha lilikuwapo, na chini yake palikuwa na hitaji jingine.

Kuhusu mtindo, na sisi

Mapokeo yetu ya insha yana mwelekeo wa kufundisha. Shaaban Robert alituachia Kielezo cha Insha (1954), na kutoka kwake na kwa wengine tumejifunza kwamba insha ibebe fundisho na msomaji alipate. Sina ugomvi na mapokeo hayo, yamelea vizazi. Ugomvi wangu ni na namna tunavyoyafundisha sasa. Mwanafunzi akipewa kichwa "Uzee", ataandika kwamba uzee ni hatua ya mwisho ya maisha, kwamba uzee una faida na hasara, kwamba wahenga walisema utu uzima dawa, na kwamba tuwatunze wazee wetu. Kila sentensi ni ya kweli. Hakuna mzee hata mmoja ndani yake.

White angeuliza: alivaa nini? Alishika nini mkononi? Ilikuwa saa ngapi? Wanafunzi walipojaribu kutafsiri aya ile ya kiti, walikuta kwamba maneno magumu hayakuwa ya falsafa. Yalikuwa ya vitu: namna gani ya kofia, namna gani ya kiti, kiini cha ua kinaitwaje. Hapo ndipo tulipogundua jinsi tulivyoziacha kamusi zetu zilale. Kiswahili hakikosi maneno ya banda. Kina jogoo na pora, tembe na mtetea na koo, kuatamia na kutotoa, na mayai viza kwa yale yaliyoshindwa. Darasani, kati ya wanafunzi 31, walioijua maana ya "tembe" katika habari za kuku walikuwa wanne. Wote wanne walilelewa na bibi zao.

Hitimisho

Insha hizi tatu, zikisomwa kwa mpangilio wa miaka, zinaonyesha mtu akijifunza polepole. Mwaka 1941 analitetea yai dhidi ya vita visivyo vyake. Mwaka 1971 anajiona katika ndege aliyepigwa. Mwaka 1979, akiwa mjane wa kiume wa karibu miaka 80, anaacha kujitazama, anatuonyesha mwanamke aliyekuwa akipanga bustani ya mwaka ambao huenda asingeufikia. Dhamira ipo, binti yangu. Imekaa kwenye kiti cha turubai, nasi tuliipita tukiitafuta kwenye sentensi ya mwisho.

Kazi ya likizo kwa wanafunzi wa mwaka wa pili ni hii. Nendeni kwa mzee mmoja, wa ukoo au wa mtaa, mkamsaidie kazi yake kwa siku moja: kufungulia kuku, kumwagilia mboga, kuchambua mchele, chochote anachokifanya. Msimpokonye kazi, msaidieni tu. Kisha andikeni insha ya maneno 600. Maneno matatu hayaruhusiwi: uzee, maradhi, kifo. Majina ya vitu yaandikwe kwa usahihi, na mkikwama muulizeni mwenyewe, maana huenda analo neno ambalo kamusi haina.

Insha zitakazovutia zitachapishwa katika toleo lijalo la jarida hili, na mimi nitakuwa msomaji wao wa kwanza.